Mdhamini wa Kijana

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 42:36–38, 43:1–10, 44:14–34, Kum. 21:18–21, 1 Sam. 3:11–14, 8:1–3, 2 Sam. 14:21–33, Eze. 18:1–20, Flm. 8–19.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 44:33. (Lisomeni kwa sauti darasani, kila mtu katika Biblia yake.)

Juma hili tunagusa jambo ambalo washiriki wengi hulibeba kimya kimya: mtoto aliyekamatwa. Pengine ana miaka 14, pengine 16. Alibatizwa kwenye makambi mwaka juzi. Skafu yake ya Watafuta Njia bado imetundikwa nyuma ya mlango. Sasa yuko kituoni kwa sababu ya simu iliyoporwa, duka lililovunjwa, misokoto ya bangi iliyokutwa mfukoni, au mwenzake aliyejeruhiwa. Katika maombi ya Jumatano jioni mama yake husimama na kusema, “Niombeeni, nina jambo moyoni,” kisha huketi. Hakuna anayeuliza ni jambo gani, ingawa nusu ya kanisa wanalijua tayari.

Maandiko hayalikwepi jambo hili. Yanatuonyesha wazazi waliosimama na watoto wao mahali pa hukumu, na wazazi walioshindwa kusimama. Neno litakalotuongoza juma zima ni neno ambalo kila aliyefika kituo cha polisi analijua: mdhamini.

JUMAPILI
Habari Inapofika

Soma Kutoka 23:8 na Zaburi 27:10. Mafungu haya mawili yanamwambia nini mzazi aliyepigiwa simu kwamba mtoto wake yuko ndani?

Wapo wazazi ambao jambo la kwanza wanalolitafuta ni bahasha. Wapo wengine wanaosema, “Mwacheni alale huko, akome.” Wa kwanza anamfundisha mtoto kwamba haki hununuliwa. Wa pili anadhani ameiachia sheria ifanye kazi, kumbe amemwacha mtoto peke yake mikononi mwa watu asiowajua, usiku ambao atausimulia maisha yake yote.

Kuna njia iliyonyooka kuliko hizo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mkuu wa kituo anaweza kumwachia kwa dhamana ya mzazi au mlezi, isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji. Dhamana ya polisi haina malipo. Mtoto hapaswi kuchanganywa na watuhumiwa watu wazima. Kwa hiyo mzazi anayekwenda kituoni akiwa na kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto amebeba kitu chenye nguvu kuliko bahasha. Kijana mrefu aliyeanza kuota ndevu anaweza kuandikwa kuwa na miaka 18 kwa kutazamwa tu, na tarakimu hiyo moja hubadilisha mambo mengi. Cheti husema kweli. Na kwa kuwa kinasema kweli, mzazi asijaribu pia kumpunguzia mtoto miaka.

JUMATATU
“Mtoto Umleavyo”

Soma Ezekieli 18:1–20. Watu wa wakati wa Ezekieli walikuwa na methali gani kuhusu wazazi na watoto? Sisi tuna ipi?

Methali yao ilihusu zabibu chungu: wazee wamekula, watoto ndio wenye ganzi ya meno. Waliisema watoto, wakiwalaumu baba zao. Methali yetu hukimbilia upande mwingine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema, na siku mtoto anapotiwa pingu, maneno hayo hugeuka kuwa hati ya mashtaka dhidi ya mama yake.

Ezekieli anatupa familia moja ya vizazi vitatu. Baba ni mwenye haki. Mwanawe ni mnyang'anyi, mmwaga damu. Mjukuu anayaona yote aliyoyafanya baba yake, anatafakari, na anachagua njia nyingine. Nabii haelezi hata kwa neno moja mahali ambapo yule baba wa kwanza alikosea. Anasema tu kwamba kila nafsi itawajibika kwa njia yake yenyewe. Mzazi ambaye amekuwa akiamka usiku na kuipekua miaka 15 ya malezi, akitafuta siku aliyoharibu, na alisome fungu la 20 polepole.

Je, malezi hayana maana basi? Soma 1 Samweli 3:11–14. Eli alihukumiwa, na sababu imeandikwa wazi: alijua, wala hakuwazuia. Aliwakemea kwa maneno (1 Sam. 2:22–25), lakini kesho yake walikuwa bado madhabahuni, wakipokea nyama za watu. Sasa soma 1 Samweli 8:1–3. Samweli alikulia katika nyumba hiyo hiyo, akaona yote, na bado wanawe walipokea rushwa huko Beer-sheba. Maandiko hayaweki juu ya Samweli hukumu iliyowekwa juu ya Eli. Eli hakuhukumiwa kwa sababu tu alikuwa na wana wabaya.

Hili litusaidie tunapolisoma 1 Timotheo 3:4, 5, fungu ambalo hufunguliwa haraka mno kwenye baraza la kanisa pale mtoto wa mzee wa kanisa anapokamatwa. Paulo anataka mtu anayeisimamia nyumba yake. Baba anayekwenda kituoni mchana, watu wakimwona, anayemwambia mwanawe ukweli na kutafuta namna ya kurudisha kilichoibwa, anaisimamia nyumba yake. Anayeficha mambo ili asivuliwe cheo, huyo ndiye baraza lingepaswa kukaa naye.

JUMANNE
Langoni pa Mji

Soma Kumbukumbu la Torati 21:18–21. Ni akina nani wanaompeleka kijana, nao wanampeleka wapi?

Fungu hili linatisha, na madarasa mengi hulipita kwa kasi. Tusilipite. Adhabu iliyotajwa ni kali, na Biblia haina simulizi hata moja la mwana aliyeuawa kwa agizo hili. Lakini tazama utaratibu wake. Baba hawezi kwenda peke yake; mama lazima awepo. Wote wawili hawawezi kuamua nyumbani. Lazima wafike kwa wazee, langoni, mahali palipokuwa mahakama ya mji (linganisha Ruthu 4:1, 2). Baba aliyepandwa na hasira usiku, fimbo mkononi, hana ruhusa ya kumaliza jambo usiku huo. Inabidi kupambazuke, mama akubali kutoka, na watu wazima wenye vichwa vilivyotulia wasikilize. Mungu aliliondoa suala la kijana aliyeshindikana mikononi mwa mtu mmoja mwenye uchungu.

Lango letu leo ni Mahakama ya Watoto. Dar es Salaam iko Kisutu. Kwingine mara nyingi huketi katika majengo ya mahakama za kawaida. Mzazi anayeingia humo kwa mara ya kwanza hutetemeka, kwa hiyo ni vema ajue atakachokikuta. Shauri husikilizwa faragha, majirani hawaingii. Taratibu hazina ukali wa mahakama ya watu wazima. Mzazi au mlezi anatakiwa kuwepo, na afisa ustawi wa jamii pia. Mtoto ana haki ya kueleza upande wake na ya kuwa na wakili. Familia isiyo na uwezo inaweza kuulizia msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu mwaka 2017. Na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: sheria hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Anaweza kuachiwa kwa masharti chini ya uangalizi, mzazi anaweza kuamriwa kulipa faini au fidia, au mtoto anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, iliyopo Irambo, Mbeya. Wanaosubiri shauri bila dhamana hupelekwa mahabusu ya watoto, kama zile za Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Kwa mama wa Tarime, kwenda Irambo kumwona mwanawe ni mbuzi aliyeuzwa kwa ajili ya nauli. Idara ya Dorkasi inaweza kulifikiria hilo bila kusubiri kuombwa.

Sheria inatazama pia umri. Tanzania, mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na wa kati ya 10 na 12 huwajibika tu ikithibitika kwamba aliweza kujua analolifanya ni kosa. Wasomaji wetu wa Kenya wanajua kwamba sheria yao ya mwaka 2022 imeupandisha umri huo kutoka miaka 8 hadi 12.

Kabla ya uamuzi, afisa ustawi wa jamii hufanya uchunguzi na kumwandikia hakimu taarifa. Anaweza kufika nyumbani. Atauliza: mtoto analala wapi, anakwenda shule, anaamka na nani, baba yupo? Hapo vishawishi ni viwili. Kimoja ni kuipaka nyumba rangi, ionekane haina tatizo. Kingine, cha mzazi aliyechoka, ni kumwaga kila kosa tangu mtoto akiwa na miaka minne. Afisa hahitaji lolote kati ya hayo. Anahitaji kujua kama kuna mtu mzima ambaye kijana huyu bado anamsikiliza. Kama mtu huyo ni mwalimu wa Watafuta Njia, basi jina lake litajwe, naye akubali kutajwa.

JUMATANO
Yuda Anakaribia Kiti

Soma Mwanzo 42:36–38 na 43:1–10. Reubeni na Yuda wote walitaka kumchukua Benyamini. Kwa nini Yakobo alimkataa wa kwanza akamkubali wa pili?

Reubeni aliweka rehani uhai wa wanawe wawili. Ni ahadi yenye kelele, lakini haimgharimu yeye mwenyewe. Tena ni faraja gani kwa babu kuwaua wajukuu? Yuda aliweka nafsi yake. Alisema yeye atakuwa mdhamini, na kama kijana hatarudi, lawama itakuwa yake siku zote. Wazazi wapo wa namna zote mbili. Baba wa namna ya Reubeni huapa mbele ya polisi kwamba mama yake ndiye atakayemchunga, au kwamba atampeleka kwa bibi yake kijijini. Huwaweka wengine.

Sasa soma Mwanzo 44:14–34. Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Kikombe kimekutwa ndani ya gunia la Benyamini mbele ya mashahidi. Mwenye mamlaka ameketi. Ndugu wengine wanaambiwa wanaweza kwenda zao kwa amani, mwenye kikombe abaki. Miaka mingi nyuma, Yuda huyu huyu ndiye aliyetoa wazo la kumwuza Yusufu (Mwa. 37:26, 27), kisha wote wakarudi nyumbani bila mtoto na kumtazama baba yao akirarua nguo. Safari hii mlango uko wazi tena. Angeweza kurudi na nafaka.

Anakaribia. Hadai kwamba kikombe hakikukutwa. Hamtukani mshitaki. Hasemi kwamba Benyamini ni mtoto mwema wa kanisani na kwamba marafiki wabaya ndio waliompoteza. Pia hasemi, “Kweli, huyu ametushinda.” Anasimulia habari za nyumbani: kuna mzee, kuna ndugu aliyepotea, na roho ya mzee imefungamana na roho ya kijana huyu. Kisha anaomba achukuliwe yeye, kijana aende.

Msomaji anajua kitu ambacho Yuda hakijui: kikombe kiliwekwa na mtu mwingine (Mwa. 44:1, 2). Mzazi asipite hapa haraka. Siku ya kwanza kituoni hujui. Huenda mwanao alifanya, huenda alikuwa amesimama tu na waliofanya, huenda kikombe kiliingizwa katika gunia lake. Yuda hakusubiri kujua ndipo akaribie. Kwa hiyo mzazi asimlazimishe mtoto akiri haraka ili warudi nyumbani kabla ya giza, wala asimfundishe kukana. Amwambie, “Sema kilichotokea, mimi niko hapa.” Baadhi ya watoto huanza kusema kweli pale tu wanapoona kwamba kukaa kwa mama pale kwenye benchi hakutegemei jibu watakalolitoa.

Mithali inaonya juu ya kumdhamini mgeni (Mit. 11:15), na onyo hilo ni la busara, wengi wamepoteza mashamba kwa kuwadhamini watu wasiowajua. Lakini mtoto si mgeni. Mzazi anayetia sahihi anachukua mzigo halisi: kuhakikisha mtoto anafika kila tarehe ya kesi, hata ikiahirishwa mara tano, hata siku ya mnada, hata mwajiri akinung'unika. Udhamini mwingi ni huo, kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama na chupa ya maji, mkisubiri jina liitwe.

Soma Waebrania 7:22. Mwandishi anamwita Yesu mdhamini, na Yesu alitoka katika kabila la huyu Yuda (Ebr. 7:14). Waadventista wa Sabato tunazungumza mara nyingi juu ya Kristo katika patakatifu pa mbinguni, akituombea. Kijana aliyemwona baba yake akisimama mbele ya hakimu na kusema, “Mheshimiwa, huyu ni wangu,” atalielewa fundisho hilo haraka kuliko wengi wetu tuliolikariri.

Umewahi kusimama mahali fulani kwa ajili ya mtu ambaye hukujua kama ana hatia? Ilikugharimu nini?

ALHAMISI
Uso wa Mfalme

Soma 2 Samweli 14:21–33. Absalomu alirudishwa Yerusalemu. Alinyimwa nini?

Absalomu alikuwa amemwaga damu, na alikuwa amekaa Geshuri miaka mitatu. Daudi alimtamani, akakubali arudishwe, lakini akaagiza asiuone uso wake. Miaka miwili kijana aliishi mji mmoja na baba yake bila kukutana naye. Alipotaka kusikilizwa, aliwasha moto shamba la shayiri la Yoabu. (Walimu na wazazi wa vijana watalitambua shamba hilo.) Busu lilikuja mwishoni, lakini sura inayofuata inamwonyesha Absalomu akisimama kando ya njia ya lango, akiwapa watu sikio ambalo yeye mwenyewe alilikosa.

Ndivyo wanavyorudi vijana wengi kutoka shule ya maadilisho au mahabusu. Kitanda wanacho na ugali wanapata, ila uso hakuna. Baba hula baada yao. Kanisani, mama anapompitia mahali pake huvuta mkoba wake karibu. Dada zake hukatazwa kumtaja kwa wageni. Kijana anaelewa yote.

Kuuona uso si kufuta tahadhari. Aliyeiba sadaka asipewe kuhesabu sadaka mwezi huu, na aliyemdhuru mtoto asiachwe peke yake na watoto. Hilo halina mjadala. Lakini tahadhari aambiwe mwenyewe ana kwa ana, na mtu anayempenda, asiisome machoni pa watu.

Wala tusimsahau aliyekosewa. Yule mama aliyeporwa simu huenda anaketi viti vitatu nyuma yetu. Soma Filemoni 8–19. Paulo anamrudisha Onesimo kwa mtu aliyekosewa, hamfichi Rumi. Anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama kuna deni, liwekwe kwenye hesabu yake, naye atalipa. Lakini Onesimo anatembea mwenyewe hadi mlangoni. Vivyo hivyo mzazi anaweza kutoa sehemu ya fedha, ila kijana apeleke, aseme jina lake na alichokifanya, na baadaye afanye kazi ya kuirudisha kidogo kidogo. Msamaha wa aliyekosewa hauwezi kudaiwa na mchungaji wala na familia. Yeye ndiye atakayejua ni lini.

Daudi naye alifika kwenye maneno ya Yuda. Katika 2 Samweli 18:33 analia kwamba laiti angekufa yeye badala ya mwanawe. Aliyasema juu ya chumba cha lango, mwanawe akiwa ameshalala shimoni msituni, chini ya chungu ya mawe.

IJUMAA
Jambo la Kujifunza Zaidi

Soma 2 Mambo ya Nyakati 33:1–13. Hezekia alikuwa mmoja wa wafalme wacha Mungu kuliko wengi wa Yuda, na mwanawe Manase alikuwa miongoni mwa waovu kabisa. Manase alimtafuta Mungu akiwa katika minyororo, Babeli. Baba yake alikuwa amekufa miaka mingi kabla. Wapo katika madarasa yetu wazazi ambao bado wanakwenda kuwaona watoto wao kila mwezi bila kuona badiliko lolote, na somo hili haliwaahidi kwamba wataliona mwezi ujao. Mathayo 25:36 inataja kwenda tu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki wa kanisa lenu ameambiwa kituoni kwamba “akitoa ya maji” mtoto wake ataachiwa leo. Asipotoa, atasubiri hadi Jumatatu, na leo ni Ijumaa mchana. Darasa lenu lingemshauri nini? Nani kati yenu angekwenda naye?

2. Mama anajua kwa hakika kwamba mwanawe ndiye aliyepora. Mwendesha mashtaka hana shahidi. Ukweli unamtaka mama afanye nini, na unamtaka kijana afanye nini? Je, ni jambo lile lile?

3. Jadilini tofauti kati ya Eli na Samweli. Baraza la kanisa lifuate utaratibu gani kabla ya kumwondoa kiongozi kwa sababu ya makosa ya mtoto wake?

4. Afisa ustawi wa jamii akiuliza kama kanisa lenu lina mtu mzima anayeweza kumwangalia kijana kwa miezi sita, kila juma, mngemtajia jina la nani? Muulizeni mtu huyo Sabato hii kama yuko tayari.